Tuta la Nyanya Chungu

Marehemu Maganga, alipokuwa hai, hakuwahi kumwagilia kitu chochote isipokuwa koo lake mwenyewe. Hilo kijiji kizima kinalijua, na anayebisha ni ndugu yake. Kwa hiyo ilipoanza kuvuma kwamba anarudi alfajiri kumwagilia mboga za mjane wake, mjane mwenyewe, Milembe, alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Kisha akaacha kucheka, maana tuta lilikuwa limelowa kweli.

Lilikuwa tuta moja tu, la nyanya chungu, lile la mwisho karibu na ua wa miiba. Matuta mengine yote yaliamka makavu, kama inavyostahili kwa matuta yasiyo na ndugu kuzimu. Hilo moja liliamka na udongo mweusi, laini, na pembeni yake alama ya kitako cha ndoo.

Wataalamu waliitwa. Bwana shamba alisema maji hupanda yenyewe kutoka chini. Alipoulizwa mbona yanapanda na ndoo, alikumbuka ana kikao. Mchungaji alikuja na nusu ya kwaya, akaikemea roho ya kumwagilia, akaondoka na nyanya za kutosha kazi ya Bwana. Kesho yake tuta likalowa tena. Milembe akasema pengine roho hiyo ni ya dhehebu jingine.

Lakini masihara hayo yalikuwa ya mdomoni tu. Tumboni mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu ya shamba lenyewe.

Shamba liko kando ya mto. Ukitoka Lagangabilili unaacha barabara kubwa, unashuka mbugani, mpaka mahali ambapo maji hubaki chini ya mchanga hata mto ukijifanya umekufa. Maganga alilima pamba hapo tangu ujana wake. Mboga aliziita chakula cha sungura, na mtu aliyelima mboga alimwita mchunga sungura. Alipokufa, Milembe alimlia matanga yote, akanyoa nywele, akakaa mkekani mpaka kiuno kikasahau kazi yake. Hakuna aliyeweza kumnyooshea kidole. Halafu aling'oa mabua ya pamba, akayachoma, akapanda nyanya. Hapo ndipo vidole vilipopatikana.

Ukoo haukusema mjane anakosea. Ulisema marehemu hajaridhika. Hiyo ndiyo lugha ya adabu: aliye hai unaweza kubishana naye, aliyekufa utambishia wapi? Na Salu, dada mkubwa wa Maganga, mwanamke mwenye sauti ya spika ya mnadani, alishatangaza dawa. Apatikane mtoto wa kubeba jina la kaka yake. Jina likipata mtu, itapikwa pombe, wazee watakaa, na shamba litarudi kwa mwenyewe kama alivyoliacha. Maana yake pamba. Maana yake Milembe, aliyekwisha kuonja utamu wa kuamka na kujiamulia apande nini, arudi kupalilia mistari ya mtu aliyezikwa.

Ndiyo sababu mwanawe Nyanda alipopata mtoto wa kike, mkewe Jenifer, binti wa mjini Nyalikungu, alikimbilia kanisani na kumbatiza mtoto Glory. Alichagua kwa makini. Alitaka jina ambalo hakuna mtu yeyote wa ukoo aliyewahi kufa nalo.

Bahati mbaya masamva, yaani wale waliotangulia, hawasomi vyeti vya ubatizo. Nyumbani mtoto alikuwa mpole. Kiangazi kilipoingia na Jenifer akaanza kushuka naye shambani, mambo yakageuka. Akivuka ua wa miiba tu, analia. Hakikuwa kilio cha njaa wala cha tumbo. Zahanati walimpima wakamkuta ana afya kuliko nesi. Kilikuwa kilio cha mtu aliyekuja kudai jambo lake na kukuta watu wanajifanya hawamwoni. Na kwa Wasukuma hata mlevi anajua maana ya mtoto anayelia hivyo. Amepewa jina lisilo lake. Kuna mtu anataka kuitwa.

Mtu gani? Hapo kila mmoja alitazama pembeni.

Basi ikafika siku ya kuchuma. Nyanya zote ziliiva kwa pamoja, kama watu waliosikia kuna pilau. Kijiji kilikuwa kwenye pamba, kila mkono wenye vidole ulikuwa unachuma pamba, kwa hiyo vibarua walipatikana wawili tu, wanawake jirani waliokuja kwa kumwonea Milembe huruma. Tena Veronica, mchuuzi wa Bariadi, alikuwa amekwisha piga simu: kirikuu chake, kile kigari cha mizigo, kitafika asubuhi na kitaondoka kabla jua halijakaza, kijae kisijae. Na Veronica si mtu wa kusubiri. Inasemekana hata siku ya harusi yake alitangulia kanisani akawa anamlaumu padri. Nyanya zikilala shambani siku hiyo, kesho zingekuwa supu ya nzi.

Milembe alifika kukiwa bado na kiza chepesi. Mlango wa miiba, aliouvuta mwenyewe jana jioni, ulikuwa umesogezwa pembeni taratibu, kama unavyosogezwa na mgeni mwenye adabu. Kisimani ndoo ilisimama wima, inachuruzika. Hakuna ndege aliyelia. Kulikuwa na harufu ya udongo uliolowa, ile ya mvua ya kwanza, katika mwezi ambao hata mate ni ya kuazima.

Alikwenda mpaka tuta la mwisho. Limelowa. Safari hii kulikuwa na unyayo pia, mmoja, mtupu, na maji yalikuwa bado yamesimama kwenye kisigino.

"Mzee," alisema Milembe, "kama umeamua kufanya kazi, si ungeanza na nyanya? Leo gari linakuja."

Akajifunga khanga upya, akaendelea.

"Miaka yote unakula tu, hata kisima ulikuwa unakiuliza kiko wapi. Sasa umekufa ndiyo unakuwa na bidii?"

Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia. Maji ya kisiginoni yalinywewa na udongo polepole, naye akayatazama mpaka yakaisha, kwa sababu hakuthubutu kutazama kwingine.

Jua lilipochomoza Nyanda alifika na pikipiki iliyobeba matenga mengi mpaka dereva haonekani. Nyuma yake walikuja wale majirani wawili, na nyuma kabisa Jenifer, mtoto mgongoni.

"Mwangaluka, mayu!" Nyanda alimpa mama yake salamu ya asubuhi.

"Mwangaluka, baba. Anza na matuta ya kisimani. Zile za kule zimeiva mpaka zinaona aibu. Ngumu chini, laini juu, nyasi katikati. Ukinichanganyia, Veronica atakuchanganya na wewe."

Jenifer alisimama nje ya ua, mguu mmoja mbele. "Mama, nipite?"

"Utabaki hapo mpaka Krismasi? Pita."

Akapita. Mtoto akalia.

Walifanya kazi hivyo hivyo. Kuchuma nyanya kuna muziki wake, kikonyo kinakatika, tunda linatua, mgongo unalalamika, lakini asubuhi ile hapakuwa na muziki wowote isipokuwa ule mmoja. Jenifer alimnyonyesha, akakataa. Alimbembeleza, akakataa. Mwishowe alimlaza juu ya khanga kwenye kivuli cha mgunga, akarudi kwenye matuta akiwa na macho mekundu.

"Huyu ana mapafu ya mwenyekiti wa kijiji," alisema jirani mmoja.

"Mwenyekiti anapaza sauti wakati wa kampeni tu," alisema mwenzake. "Akishapita, hata salamu anaitikia kwa kope."

Walicheka, na kicheko kikawa kifupi, kwa sababu yule wa kwanza alikuwa ameacha kuchuma. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Jenifer," aliita kwa sauti ya chini. "Mwanao anamwangalia nani?"

Wote wakageuka. Mtoto alikuwa analia macho wazi, na macho yale yalikuwa yanasafiri. Yalianzia kisimani. Yakapita katikati ya shamba, taratibu, yakafika tuta la mwisho, yakashuka chini, yakatulia kidogo. Kisha yakarudi kisimani, safari hii haraka. Yakaanza tena. Mtu mwenye ndoo hutembea hivyo hivyo: anakwenda polepole, anarudi mbio.

Hakukuwa na mtu yeyote kwenye njia ile. Kulikuwa na jua na majani ya nyanya chungu, ambayo yalitikisika kidogo, na upepo haukuwepo.

Jirani wa kwanza aliweka tenga chini kwa heshima kubwa. "Mama Nyanda, nimekumbuka pamba yangu."

"Hata mimi nimeikumbuka," alisema wa pili.

"Pamba yako?"

"Pamba yake."

Wakaondoka wakijaribu kutokimbia. Mlangoni walipishana na Salu, ambaye hakualikwa, na ambaye kwa sababu hiyo hiyo hakuchelewa. Alikuwa na bakuli la michembe, vile viazi vikavu, anatafuna, na alitafuna huku anaangalia matenga matupu, nyanya nyekundu zisizo na mchumaji, na mtoto.

"Niliwaambia," alisema Salu. "Au sikuwaambia?"

"Mwangaluka, wifi," alisema Milembe.

"Mwangaluka. Niliwaambia mwenye shamba hajaridhika. Mnampa mtoto jina la kizungu, mnadhani kaka yangu atasimama nje kama muuza maji? Anataka kuitwa. Mwiteni."

"Shangazi, ni mtoto wa kike," alisema Jenifer.

"Samva haliangalii hayo. Linapita penye mlango."

Nyanda alimtazama mama yake, akatazama chini. Alikuwa kijana wa kuogopa watu wawili tu duniani, na bahati yake wote walikuwa wamesimama pale.

Ndipo kirikuu kikaingia kwa honi. Veronica alishuka kabla hakijasimama vizuri, mwanamke mnene mwepesi, simu mbili mkono mmoja.

"Mama Nyanda! Matenga yangu haya ndiyo matupu? Nimetoka Bariadi kuja kununua matenga?"

"Watu wamenikimbia, mama."

"Wamekimbia nini?"

Mtoto alijibu kwa niaba ya wote. Veronica alisikiliza, akatazama tuta la mwisho, akatazama macho ya mtoto yakifanya safari yao, akavuta khanga yake mabegani ingawa kulikuwa na joto.

"Mimi mambo ya mizimu siyaingilii," alisema. "Nayaheshimu kwa mbali. Ila dereva wangu akimwona huyo mtoto anavyotazama, ataondoka na gari, na mimi nitakuwa ndani. Fanyeni mnavyofanya. Haraka."

Milembe alisimama katikati ya shamba lake. Mikono yake ilikuwa ya kijani kwa utomvu wa nyanya, ule usiotoka kwa sabuni. Aliangalia matuta yake moja moja, kama mtu anayehesabu watoto kabla ya safari, na kila mmoja pale alijua anachokiaga. Kama mtoto angenyamaza kwa jina la Maganga, basi kiangazi kile kingekuwa cha mwisho kwa mboga. Kama asingeitwa, nyanya zingeoza hapo hapo, na kiangazi kingekuwa cha mwisho vilevile. Njia mbili, zote zinakwenda kwenye pamba.

"Haya, wifi," alisema. "Mwite kaka yako."

Salu hakungoja aambiwe tena. Aliweka michembe chini, akateka maji kisimani kwa kibuyu, akamkalisha mtoto kwenye paja lake kubwa, akamlowesha utosini.

"Kama ni wewe, Maganga, mwana wa baba yangu," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya binadamu, "nyamaza. Tumekusikia. Shamba lako lipo."

Mtoto alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, na wote wakadhani kazi imekwisha. Jenifer alifunika uso. Kisha mtoto akalia kilio kipya kabisa, kikubwa kuliko vyote, kile cha mtu aliyeitwa kwa jina la mwizi wake.

"Hakusikia vizuri," alisema Salu, akarudia. Kilio kikapanda. Akajaribu jina la baba yao. Akajaribu la babu. Akamwita bibi aliyeumwa na nyoka, na baba mdogo aliyepotelea migodini ambaye hakuna hakika kama amekufa kweli. Ukoo mzima ulipita pale kama kwenye usaili wa kazi, na wote wakakosa.

Milembe hakuwa akiangalia tena. Alikuwa ametembea mpaka tuta la mwisho, ameinama.

"Nyanda," aliita. "Njoo hapa. Baba yako alikuwa na mguu wa namna gani?"

"Mguu, mayu? Si unaujua. Viatu vya dukani havikumwenea, alishonewa vya matairi."

"Weka wako hapo."

Nyanda alivua kandambili, akaweka mguu wake karibu na unyayo wa alfajiri. Ule wa udongoni ulikuwa mfupi, mwembamba, umepinda kidogo kwa ndani. Milembe akavua na yeye, akaweka wa kwake. Ulikuwa mfupi hata kuliko wa kwake.

"Huu ni wa mwanamke," alisema Nyanda.

"Mimi ni mpumbavu," alisema Milembe. Alisema kwa utulivu tu. "Maganga kumwagilia! Maganga kupita kwa mtoto wa kike! Yule hata kupita jikoni aliona aibu. Mmenijaza upumbavu nikaushika kwa mikono miwili." Akashika jani la nyanya chungu. Halafu akauliza, "Mbegu za tuta hili nilizitoa wapi?"

"Si dukani Bariadi, na zile nyingine?"

"Hizi hazikutoka dukani."

Salu alikuwa amekuja na mtoto anayelia, na alipoona Milembe anaangalia upande wa Shishiyu, uso wake ulibadilika. "Wifi," alisema. "Acha."

Kulikuwa na jina ambalo katika ukoo ule halikutajwa, si kwa sababu ni takatifu. Maganga, miaka yake ya mwisho, alikwenda Shishiyu kununua dume la kulimia, akapata na sababu ya kutorudi. Sababu hiyo iliitwa Generoza. Alikuwa mwanamke mfupi asiye na mtoto, na kwa kichekesho cha Mungu alikuwa mkulima wa mboga. Maganga alikufa kitandani kwake. Ukoo ulikwenda kuchukua mwili, Salu mbele, na ukoo ukienda kuchukua kitu haurudi na kimoja. Walichukua mwili, wakachukua ng'ombe, kisha wakapanda juu ya nyumba ya Generoza wakang'oa mabati, misumari wakiiweka kwenye kopo isipotee. Marehemu alisafirishwa kwao amelazwa juu ya mabati hayo. Kila gari lilipopita kwenye shimo, alipiga kelele kama ghala linalobomolewa.

Hiyo sehemu wote waliijua. Iliyofuata hawakuijua.

"Alikuja hapa," alisema Milembe. "Kiangazi cha kwanza baada ya matanga. Nilikuwa namwagilia. Alisimama pale nje ya ua, akasema mwangaluka, mayu. Hakuomba chakula. Aliomba kona alime. Alisema mboga anazijua."

"Ukamwambiaje, mama?" aliuliza Jenifer.

"Niliendelea kumwagilia."

"Na salamu?"

"Sikuitikia."

Nyanda aliguna kama mtu aliyepigwa. Kwa Msukuma salamu huitikiwa hata ya adui. Mkishaitikiana ndipo mnapigana. Kuiacha salamu ya mtu ikidondoka chini ni kumwambia kwamba hayupo.

"Akarudia," alisema Milembe. "Sauti ile ile, hata hakuipandisha. Nikateka ndoo nyingine. Ndipo akafungua kifundo cha khanga, akachana kipande, akafunga mbegu zake, akakining'iniza kwenye mwiba. Akaondoka. Mvua hazijafika nikasikia amefariki kule kwake, kwenye nyumba isiyo na paa. Mbegu sikuzitupa. Mbegu haina kosa. Nilizipanda hapa mwisho ili nisizione."

Hata Veronica alikuwa amezima simu zake zote mbili.

"Uongo!" alisema Salu. "Unachagua jina linalokufaa! Ukimpa huyo mwanamke, shamba linabaki kwako na sungura wako! Mnamwona? Mnamwona alivyo mjanja?"

"Basi mwite wewe, wifi. Mimi nitakaa kimya. Mwite, asiponyamaza nitapanda pamba kesho."

Salu alifungua mdomo. Mdomo ule, uliowahi kuendesha mazishi, harusi na kesi tatu za ng'ombe, ulibaki wazi bila kutoa kitu. "Mimi simwiti," alisema mwishowe, na akamsukuma mtoto mikononi mwa Milembe kama chungu cha moto.

Milembe alimpokea. Hakuchukua maji wala kibuyu. Alimwinua mpaka nyuso zao zikalingana, mikono yake ya kijani ikaacha alama kwenye nguo ya mtoto. Jua lilikuwa limekwisha panda, saa ya salamu hiyo ilikuwa imepita kitambo.

"Mwangaluka, Generoza," alisema.

Mtoto akanyamaza.

Hakupunguza kwanza, hakushikwa na kwikwi. Alinyamaza kama mlango uliofungwa. Macho yake yakaacha kusafiri, yakamwangalia Milembe, na yakabaki hapo. Watu hutazamia kwamba kimya cha namna hiyo kitakuwa faraja. Kile hakikuwa. Kilikuwa kimya cha mgeni aliyekaribishwa, akakaa, na sasa anaangalia nyumba ilivyo.

"Labda amechoka tu," alisema Veronica, kwa sauti ya mtu anayeomba akubaliwe. Hakuna aliyemkubalia. Akajifunga khanga kiunoni. "Haya. Ngumu chini, laini juu, siyo? Nyanda, lete tenga." Na yule mwanamke asiyemsubiri mtu akaanza kuchuma kwa mikono yake mwenyewe, akamwita na dereva. Nyuma yao matuta yalianza kupungua wekundu.

Salu alibaki amesimama. Mtoto, akiwa kwenye bega la Milembe, alikuwa amegeuza shingo na kumtazama.

"Wifi," alisema Salu. "Yale mabati yalikuwa ya ukoo. Kaka ndiye aliyanunua."

"Usinieleze mimi."

"Lakini unajua hali ilivyokuwa."

"Najua. Mweleze mwenyewe, huyo hapo."

Salu alimtazama mtoto wa miezi mitano, mwenye meno mawili. Alijaribu kuanza mara mbili. Kisha akachukua bakuli lake la michembe, akapita mlango wa miiba bila kuaga, na akashika njia ya nyumbani kwake, nyumba nzuri, yenye paa linalong'aa mpaka linaonekana toka barabarani. Mtoto alimsindikiza kwa macho mpaka njia ilipopinda. Halafu akacheka. Jenifer alikuwa hajawahi kumsikia akicheka. Alisimama na nyanya mkononi, na hakujua kama afurahi.

Kirikuu kiliondoka kimejaa, kimelala upande mmoja, Veronica akipunga simu dirishani. Shamba likabaki na watu wake. Tangu kilio kikome Milembe alikuwa amechuma akiwa na mtoto mgongoni, kwa sababu kila Jenifer alipomchukua alinyoosha mikono kumrudia bibi yake. Kwa mila hakuwa tena bibi yake. Milembe alishaanza kumwita mke mwenzangu, na kumtania kama wanavyotaniana wake wenza: kwamba amekuja kula, kwamba anajifanya mdogo ili asilime. Nyanda alicheka kidogo. Pamba haikutajwa tena, na kila mtu aliona haitatajwa; hata wazee wa ukoo hawatataka kikao ambacho kitaanza kuulizana habari za mapaa.

Kwa hiyo Milembe alikuwa ameshinda, na angestahili kulala chini ya mgunga na kukoroma kama tajiri. Badala yake alikaa wima, mtoto mapajani, akisikiliza. Hapakuwa na kitu cha kusikiliza. Kisimani kimya, kwenye matuta kimya. Kilichokuwa kinazunguka kule nje sasa kilikuwa na uzito, kilikuwa na joto, kilikuwa kimemkalia magotini.

"Jenifer," aliita.

"Abee, mama."

"Watoto wa siku hizi wanaanza kusema lini?"

Jenifer alikuwa anafunga nyasi zilizobaki. "Inategemea, mama. Wengine mwaka. Wengine wanawahi."

"Na wakianza, wanaanza na maneno gani?"

"Maneno tu. Mama, baba. Wanachokisikia." Akainua uso. "Kwa nini?"

Milembe alimwinamia mtoto na kuanza kumwambia, kwa Kisukuma cha chini chini, jinsi asubuhi ile ya salamu isiyoitikiwa ilivyokuwa: kwamba ndoo ilikuwa nzito, kwamba jua lilikuwa machoni, kwamba mwanamke mwenye uchungu masikio yake huziba. Alieleza haraka haraka, kama mtu aliyewahi barazani kabla mlalamikaji hajaitwa. Mtoto alikuwa anautazama mdomo wa Milembe bila kupepesa, na wa kwake ulikuwa unacheza kidogo kidogo, bila sauti, unajaribu neno.